Gia ya Kupandia Kikima

Kila asubuhi ya shule ilianza vivyo hivyo nyumbani kwa akina Mutindi. Baba yake, Musembi, alikamua ng'ombe. Mama yake, Mbithe, aliwasha moto wa chai. Mutindi, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliosha mitungi ya maziwa kwa maji ya baridi mpaka vidole vikafa ganzi, na mdogo wake Kalunde alishika vifuniko huku akilalamika. Kisha baba aliifunga mitungi nyuma ya baiskeli kwa vipande vya tyubu, akaanza kupanda kwenda Kikima, ambako gari la maziwa halimngoji mtu.

Taabu ilikuwa katika huko kupanda. Mji wa Kikima umekaa juu kabisa ya vilima vya Mbooni, na njia ya kutoka bondeni hupindapinda kati ya kahawa na miparachichi kana kwamba haitaki kufika. Baiskeli ya Musembi ilikuwa ya gia, lakini ilitoka Nairobi ikiwa imeshatumika, na gia zake zilikuwa za watu wa barabara tambarare. Musembi aliisukuma zaidi ya alivyoipanda. Majirani walimtania, "Baba Mutindi, kati yako na hiyo baiskeli, nani anambeba mwenzake?"

Mwishowe akaipeleka kwa Kavindu.

Kavindu alikuwa fundi wa baiskeli sokoni Kikima. Kibanda kilikuwa cha mumewe, na mume alipofariki watu walingoja mjane auze spana. Hakuuza. Alivaa ovaroli ya marehemu, akaikunja mikono iliyokuwa mirefu kwake, akakaa pale pale. Watu wazima wenye akili zao, wanaoimba kwaya Jumapili, walipita wakiuliza kwa sauti kama siku hizi wanawake wamemaliza kupika. Wengi walihamia kwa mafundi wengine. Musembi hakuhama, na alikuwa akisema mbele ya watu kwamba nati haijui mkono ulioikaza ni wa nani.

Mutindi alipitia kibandani kila alipotoka shuleni. Alianza kwa kutazama, akaendelea kwa kupangusa cheni, na baadaye Kavindu akazoea kunyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kusema, "Nipe kumi na tano." Mutindi alimwekea kiganjani spana namba kumi na tano, na hakuwahi kukosea. Hakuna kitu alichokipenda kama ule mkono ulionyooshwa bila kutazama.

Siku Musembi alipoleta baiskeli, Kavindu aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akatikisa kichwa.

"Shida si miguu yako, Baba Mutindi," alisema. "Haya meno ya nyuma ni madogo. Hata lile kubwa kabisa ni dogo kwa huu mlima wetu. Nikikuwekea kubwa, miguu itazunguka sana na utaenda pole pole, lakini utafika ukiwa umekaa."

"Weka," alisema Musembi. "Nimechoka kuchekwa."

Kavindu alifungua fungu la meno ya zamani, akafunga jipya ambalo gurudumu lake la mwisho lilikuwa pana kama kisahani cha kikombe. Akabadilisha na cheni pia, kwa sababu cheni kuukuu hula meno mapya. Kisha akaweka kebo mpya, ile waya inayovuta gia, na akamwita Mutindi ainame karibu. Nyuma, kwenye kile kimkono kinachosukuma cheni kutoka gia hadi gia, kulikuwa na skrubu mbili ndogo.

"Unaona hizi mbili? Hizi ni ukuta," Kavindu alisema. "Hii inazuia cheni isianguke huku nje. Hii nyingine inaizuia isiruke meno makubwa ikaingia kwa spoki. Nikishaziweka, haziguswi. Ukisikia kelele ya tiki tiki baada ya siku kadhaa, hiyo ni kebo tu. Kebo mpya hulegea kidogo. Mniletee Jumamosi niivute."

"Nimesikia, anti," alisema Mutindi.

Na kweli alisikia, neno kwa neno. Hilo ndilo linalouma.

Kwa siku chache nyumba ile ilikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Musembi aliupanda mlima ameketi, miguu ikizunguka kama ya mtu anayekimbia papo hapo, na alipowapita majirani alipiga kengele hata pasipokuwa na sababu. Gari la maziwa lilimkuta akingoja. Halafu kelele ikaanza. Kila alipoiweka gia ile nyepesi kabisa, cheni ilisema tiki tiki.

"Jumamosi nitampelekea Kavindu," alisema, wala hakuwa na wasiwasi.

Mutindi ndiye aliyekuwa na haraka. Shuleni alikuwa amejisifu kwamba yeye ni fundi wa gia, na Kaveke, aliyeketi naye dawati moja, alimcheka.

"Fundi gani? Wewe hupeana spana tu. Hata Kalunde anaweza kupeana spana."

Neno hilo lilimkaa Mutindi rohoni kama mwiba. Alhamisi jioni, baba akiwa kwenye matuta ya shamba na mama kisimani, alichukua bisibisi ndani ya kopo la misumari, akaegemeza baiskeli ukutani. Alianza vizuri. Alizungusha kifundo cha kukazia kebo kama alivyomwona Kavindu akifanya, na kelele ikapungua. Mtu mwenye subira angeishia hapo. Lakini kupungua hakukumtosha Mutindi. Alitaka kelele iishe, iishe kwa mkono wake, ili kesho amwambie Kaveke. Akaweka bisibisi kwenye skrubu moja ya zile mbili ambazo Kavindu aliziita ukuta, akaizungusha, kisha akaizungusha tena. Akainua gurudumu na kulisukuma kwa mkono. Kimya. Cheni ilizunguka laini kama mafuta.

"Umefanya nini?" Kalunde aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimepangusa vumbi," alijibu Mutindi.

Asubuhi iliyofuata baba alifunga mitungi, akaondoka. Alipofika kwenye kona kali iliyo chini ya kanisa, alisukuma gia kwenda ile nyepesi. Cheni ilipanda kwenye gurudumu kubwa la meno, na kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuizuia, ikaruka ng'ambo na kuingia kwenye spoki. Kile kimkono cha gia kilivutwa humo humo na kukatika. Gurudumu likakwama papo hapo. Musembi alianguka ubavu kwenye mtaro wa mawe, na mitungi ikamfuata.

Waliompata walisema maziwa yalishuka mtaroni hadi mbali. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Hospitalini walimfunga mkono kifuani na kumwambia asishike jembe msimu wote, na mawingu ya mvua za vuli yalikuwa tayari yanatanda. Mama alilia kidogo, akafuta macho kwa leso, akaenda kutafuta jembe lake.

Mutindi alisimama kando ya kitanda. Alipanga kusema. Lakini mjomba mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa aliwahi kuuliza, "Si ni yule mama aliyefunga hizo gia?" na baba, kwa uchungu wa mfupa na uchungu wa maziwa, akajibu, "Ni yeye. Kavindu ameniua." Baada ya hapo kusema kukawa kugumu maradufu, na Mutindi akachagua kilicho rahisi.

Maneno hayahitaji gia kupanda mlima. Kufikia siku ya soko, Kikima nzima ilijua. Wale waliokuwa wakisubiri kosa la Kavindu walilipokea kwa mikono miwili. "Lisemwalo lipo," waliambiana, na hakuna aliyejali kwamba aliyelisema hakuliona. Aliyekuwa ameacha baiskeli yake kibandani alikuja kuichukua kabla haijaguswa.

Kavindu mwenyewe alishuka bondeni hadi kwa Musembi, amevaa ovaroli, bisibisi mfukoni. Alimpa pole, akakaa kwenye kigoda, akasema kilichomleta.

"Baba Mutindi, niruhusu niangalie hiyo baiskeli. Nataka kujua nilikosea wapi."

"Hutaigusa tena," alisema Musembi.

"Basi niambie tu. Kuna mtu mwingine aliigusa? Fundi mwingine, ama mtoto?"

"Watoto wangu hawawezi kugusa gia," alisema Musembi. "Usitafute pa kuweka mzigo wako."

Mutindi alikuwa amesimama hapo hapo na kikombe cha chai ya mgeni. Kavindu alimgeukia. Hakumtazama kwa kumshuku, bali kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi.

"Mutindi, wewe ulikuwa karibu nikifanya. Uliona nikisahau kitu?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Mutindi aliangalia chai.

"Sijui, anti," alisema.

Kavindu aliitika kwa kichwa, akanywa chai yote kwa heshima ya nyumba, akaaga.

Mvua zilikuja. Mama alilima peke yake, na Mutindi alilima naye kabla na baada ya shule, akipiga udongo kwa nguvu kama anayetaka kuadhibiwa nao. Kalunde ndiye aliyebeba maziwa sasa, kibuyu kidogo kwa miguu, na mengine yaliganda nyumbani. Mutindi hakupita tena njia ya kibandani. Alizunguka nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga, ili asione kama kimefunguliwa au la. Kaveke alimuuliza habari za ufundi wake, naye akasema amechoka na mafuta ya cheni.

Siku moja ya likizo mama alimtuma apeleke maparachichi kwenye ghala la mnunuzi, juu mjini. Ndani, wanawake walikuwa wameketi chini wakichagua matunda, yaliyo mazuri huku, yaliyochubuka kule. Mmoja wao aliinua uso. Alikuwa Kavindu, amevaa leso badala ya ovaroli.

"Mutindi," alisema. "Baba anaendeleaje na bega?"

"Anaendelea vizuri." Mutindi alitua kapu. "Anti, kibanda je?"

"Nilifunga." Kavindu aligeuza parachichi mkononi, akalikagua, akaliweka na mazuri. "Watu wachache walikuwa bado wananiletea. Ni mimi niliwarudisha. Nikishika skrubu mkono unasita. Najiambia, ile siku nilikuwa na uhakika vile vile, na mtu akavunjika. Nimeirudia ile kazi kichwani mpaka nimechoka. Sioni pahali nilikosea, na hiyo ndiyo inaniogopesha. Fundi asiyeona kosa lake ataua mtu."

Aliyasema bila kulalamika, akachukua parachichi jingine.

Mutindi alikuwa amezoea kufikiri kwamba amemharibia Kavindu jina. Hakuwa amejua kwamba amemharibia hata mikono. Aliacha kapu pale pale, hata hakungoja lipimwe, akashuka bondeni mbio.

Baba alikuwa uani akichambua maharagwe kwa mkono mmoja, mama akipepeta kando yake. Mutindi alisimama mbele yao akihema.

"Ni mimi," alisema. "Nilizungusha skrubu Alhamisi. Anti Kavindu alikuwa ameniambia zisiguswe. Ni mimi nilikuvunja bega, baba."

Mbithe aliweka ungo chini. Maharagwe yaliyokuwa kiganjani mwa Musembi yakamponyoka moja moja. Mutindi alingoja fimbo. Angeipenda fimbo siku hiyo.

"Na alipokuuliza hapa?" baba alisema mwishowe. "Mbele yangu?"

"Nilisema sijui."

"Ulisema hujui." Musembi alifunga macho. Alikuwa na hasira, na uso wake ulionyesha, lakini si yote iliyomlenga binti yake. "Na mimi nilimkataza kuitazama. Angeitazama kidogo tu angejua. Mimi niliyekuwa nikisema nati haijui mkono. Nilipoumia nikawa kama wale waliomcheka."

"Mwombe anti aje," alisema mama, "tumwombe msamaha."

"Hapana," alisema Musembi. "Huwezi kumwaga jina la mtu sokoni, halafu ulikusanye nyumbani kwako. Tutaenda huko lilikomwagika."

Siku ya soko walipanda kwa miguu, Musembi na mkono wake kifuani, Mbithe na kuku kwapani, na wasichana wawili nyuma. Kwanza walimtoa Kavindu ghalani, naye akawafuata bila kuelewa. Walisimama mahali kibanda kilipokuwa. Palikuwa na kijana anayeuza vifuniko vya simu, akawatazama kwa kuchoka, akasogeza meza yake kidogo.

"Nisikilizeni," Musembi alisema kwa sauti ya kuita watu. "Mimi nilisema kwamba Kavindu alinifungia gia vibaya, na neno langu likafika hapa. Si kweli. Gia alizifunga sawasawa. Sikujua, na sikutaka kujua. Aliyejua atasema mwenyewe."

Mutindi alisema. Sauti ilikuwa ndogo, mtu akataka asikie vizuri, ikabidi aseme tena kwa sauti. Alimwona Kaveke na mama yake karibu na mafungu ya kabichi. Alisema mpaka mwisho, hata lile neno "sijui".

Watu ni watu. Mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza kuchukua baiskeli yake kibandani akawa wa kwanza kusema kwamba yeye alijua tangu mwanzo mama huyu hana kosa. Wengine walitikisa vichwa, wakaendelea kubishania bei ya vitunguu. Mwenyekiti wa soko alisema nafasi ile imeshapata mwenyewe, lakini kuna nyingine kule chini, karibu na posho mill, kwenye vumbi la unga. Kavindu alimpokea Mbithe kuku wake kwa mikono miwili.

"Nimesikia," alisema. Machozi yalimtiririka mbele ya watu wote wala hakuyafuta.

Siku chache baadaye alishuka bondeni na mfuko wa spana, kwa kuwa Musembi alikuwa amemwomba, mbele ya wale wale watu, aifunge upya baiskeli yake. Aliinua gurudumu lililopinda, akanyoosha spoki, akaweka kimkono kipya cha gia. Alipofika kwenye zile skrubu mbili, mkono wake ulisita, kama alivyosema. Aliziweka, akazikagua, akazungusha gurudumu, akazikagua tena. Zamani hakuhitaji kufanya hivyo.

Mutindi alikuwa amechutama mbali kidogo.

"Anti, nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe. Ningekosa kukusamehe nisingeshuka huku." Kavindu hakuacha kazi. "Sikiliza, Mutindi. Kuharibu gia ni kitu cha kawaida. Mimi nimeharibu nyingi, na mume wangu alinigombeza nyingi. Ungekuja ile Alhamisi uniambie, anti nimezungusha ukuta, ningecheka, nirudishe, baba yako apande salama. Hata angekuwa ameshaanguka, ungesema siku ile nikikuuliza, ningelia na wewe halafu nirudi kwa kazi yangu. Kosa ulifanya mara moja. Lakini kunyamaza ulinyamaza kila siku, na kila siku mimi nilikuwa nalipa bila kujua nalipa nini. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje mwingine abebe."

"Nitasema, anti."

"Najua. Kusema umeanza." Kavindu aliinama tena kwenye gurudumu.

Musembi, aliyekuwa akitazama kutoka kivulini, aliongeza polepole, "Na mimi nimejifunza la kwangu. Mtu akiomba kuangalia, mwache aangalie."

Kavindu alifika kwenye nati ya gurudumu. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama zamani, na moyo wa Mutindi ukaruka. Aliinuka nusu.

"Kalunde," alisema Kavindu, "nipe kumi na tano."

Kalunde aliukimbilia mfuko wa spana, akapekua, akaleta kumi na nne. Kavindu aliitazama, akamrudishia kwa upole, akamwonyesha namba ilikoandikwa. Kalunde akarudi kupekua tena. Ile kumi na tano ilikuwa imelala juu ya nyasi, karibu na mguu wa Mutindi. Alikuwa ameiona tangu mwanzo, lakini hakuombwa yeye, akachutama tena chini na kungoja mdogo wake aipate.